Ufagio wa Eedo Habiba

Mpaka leo, nikisikia ufagio ukikwaruza mchanga asubuhi, moyo wangu hurudi Garissa wakati wa vita vya Shifta, serikali ya Kenya ilipopigana na Wasomali waliotaka kujitenga. Baba, mwalimu kutoka Nyeri, alikuwa amehamishiwa huko, nasi tukapewa nyumba ya mbao katika ua uliolindwa na askari. Jirani yetu nje ya ua alikuwa Eedo Habiba. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, nasi watoto tulimwita hivyo bila kuuliza ukoo.

Kila jioni alifagia mchanga kuzunguka nyumba yake hadi ukawa laini kama unga, na kila asubuhi aliusoma. Hapa kapita panya, hapa mbuzi, hapa nyoka, kaenda zake. Kisha akazoea kutufagilia na sisi. Mama alidhani ni usafi uliopita kiasi. Mama mwenyewe alipanga kuni ukutani mwetu, chini ya dirisha, kama kwao, azikinge na mvua; na mvua yenyewe, msinicheke, Garissa haikuwa na haraka.

"Mama Wanjiku, hii kuni toa haba," Eedo alimwambia kwa Kiswahili chake kilichogeuza p kuwa b. "Nyoka nabenda baridi."

Mama alitabasamu, kuni zikabaki.

Asubuhi moja Eedo alikuja, akausoma mchanga wetu. Mstari uliopindapinda ulikuwa umeingia chini ya kuni. Wa kutoka haukuwapo. Na ndani, nyuma ya mbao zile zenye mianya, mdogo wangu Kariuki alikuwa amelala mkekani.

"Mtoto chukua. Bole bole."

Mama alimchukua. Eedo akaenda kwake kuleta hangool, mti mrefu wenye ndoano ambao Wasomali huvutia matawi ya miiba. Aliporudi alikawia langoni. Aliuweka mti chini, akainua mikono, akamngoja askari. Nilimkasirikia jinsi alivyotuchelewesha.

Aliporuhusiwa, alisimama mbali, akavuta kuni moja moja. Swila akatoka, akatanua shingo. Baba akainua jiwe.

"Wacha, mwalimu. Njia yake iko, ataenda."

Kweli, akateleza hadi vichakani. Eedo akachukua ufagio, akaulainisha mchanga upya.

Kariuki sasa ana wajukuu. Kila nikiwaona wakigombania mapaja yake, namshukuru Eedo kwa moyo wangu wote. Lakini shukrani yangu ilikomaa polepole. Baba alinieleza nilipokuwa mkubwa kwamba wiki ile ile askari walikuwa wamepekua nyumba ya Eedo, wakamwaga hata maziwa yake, na kwamba Msomali aliyeonekana na mti mkononi karibu na ua wetu angeweza kupigwa risasi. Alijua hivyo, na bado aliuleta. Siku ile mimi niliona nyoka tu mbele yake. Bunduki iliyomwelekea mgongoni muda wote akivuta zile kuni, sikuiona.