Makala Niliyoikana Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi moja Iguhu, mwanangu, nimeketishwa kwenye kiti cha mgeni, obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, mbele yangu, viatu vyangu vya mjini havina hata tone la matope. Nilikuwa nimerudi juzijuzi tu na shahada yangu ya biokemia. Miaka ile miwa ndiyo ilikuwa habari ya Kakamega nzima. Watu waling'oa mahindi wapande miwa, na trakta za kiwanda hazikutosha kuibeba. Muwa ukishakatwa ulilala shambani ukingoja, siku mbili, tatu, hata wiki. Mimi nilitaka kujua sukari iliyomo hupungua kiasi gani katika kungoja huko.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Miwa ikatwe, irundikwe, kisha kila siku nichukue michache nikaipime maabara. Nyapara wa wakataji alikuwa Mzee Shivachi, mtu wa maneno machache na panga kali. Kila nilipofika alinikaribisha kwake, akawatuma wakataji waniletee miwa kutoka rundoni. Mimi huku nakula. Unaliona kosa? Mimi sikuliona kwa miaka kadhaa, na digrii zangu zote hizo.

Majibu yalinishangaza: sukari ilikuwa karibu haipungui. Nikaandika makala, jarida la ng'ambo likaichapisha, na watafiti wakaanza kuinukuu. Kunukuliwa, mwanangu, ndiyo sifa yetu sisi. Mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua, anakutaja wewe kuwa shahidi wake. Nililewa sifa. Jarida jipya likifika maktabani nilifungua kwanza kurasa za mwisho, nitafute jina langu. Makala hiyo ndiyo iliyobeba ombi langu la uprofesa. Na mameneja wa viwanda nao waliishikilia: kama sukari haipotei, trakta zina haraka ya nini? Miwa ya wakulima ikazidi kukaukia kando ya barabara.

Ombi langu likiwa bado mezani, nilikwenda Iguhu kumshukuru Mzee Shivachi. Nikamwambia miwa yake imenipa jina. Alifurahi kweli.

"Lazima ingekuwa mizuri, Daktari," akasema. "Tulikuwa tunakukatia ingine asubuhi hiyo hiyo. Mgeni hatupeangi miwa ya kulala."

Miwa niliyoandika kwamba imelala wiki nzima ilikuwa imekatwa muda mfupi kabla sijashuka garini. Hapakuwa na hila yoyote. Walinifanyia heshima ambayo wangemfanyia mgeni yeyote, na mimi nikaichapisha kama sayansi.

Mkuu wa idara yangu alinishauri ninyamaze. "Nani atakwenda kumuuliza mkata miwa?" alisema. Nilinyamaza majuma mawili, na nakiri nilitamani sana kuendelea hivyo. Kisha nikarudi Iguhu nikamweleza mzee shida yenyewe. Hakunionea huruma hata kidogo.

"Sasa ulikuwa unakulanga ingokho yangu na hujui nini iko kwa rundo?" akaniuliza. "Mimi nikikata shamba ya mtu, naangalianga kila shina. Hii kazi ni yangu ama ni yako?"

Niliona haya, kisha nikakasirika, na hasira ile ilinifaa. Siku hiyohiyo niliandika barua mbili: moja kwa jarida, kuikana makala yangu, nyingine kwa chuo, kuondoa ombi langu. Nikanunua gambuti. Msimu mzima niliirudia kazi ile, nikitia marundo alama ya rangi kwa mkono wangu na kuchomoa kila muwa mwenyewe, Mzee Shivachi amesimama kando kuhakikisha hakuna anayenisaidia. Sukari ilishuka vibaya sana. Makala ya pili ilieleza hivyo, ikanukuliwa na watu wachache mno. Uprofesa ulichelewa miaka mingi. Niliumia, sitakuficha.

Na ile ya kwanza haijafa. Bado wapo wanaoinukuu bila kujua kwamba niliikana. Kila nikimwona mmoja namwandikia: hayo si kweli, aliyeyaandika ni mimi, tafadhali soma haya mengine. Nimezeeka, macho yamepungua, na wiki iliyopita niliandika tena. Nitaandika hadi vidole vikatae.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayehesabu waliokunukuu. Usitie jina lako kwenye jambo ambalo hukulishika kwa mikono yako. Watu wakikuheshimu, washukuru, halafu inuka ukajionee mwenyewe. Na ukikosea, litangaze kosa lako wewe, mapema, kwa sauti ileile uliyotangazia ushindi. Mungu akujalie macho ya kuliona kosa lako kabla halijamwumiza mtu, na moyo wa kulitaja hata kama litakunyang'anya cheo.