Tarehe Ishirini na Nane, Mwezi wa Pili

Niliporudi Lubumbashi, baada ya miaka mitatu ya kuzunguka kati ya Pweto na Kolwezi na magunia yangu ya samaki wakavu, mama mkubwa alinifungulia mlango kule Naviundu akanipapasa uso kwa mikono miwili kabla ya kunitambua. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba macho yake yote mawili. Tangu mwezi wa pili alikuwa ameandikwa kwenye orodha ya kupasuliwa katika zahanati moja ya mjini. Sasa tulikuwa mwezi wa kumi na moja. Daktari wa macho, ambaye ni mgeni, alikuwa amekuja kwa wiki mbili tu na angeondoka Ijumaa. Asipompasua safari hii, ni mpaka mwaka ujao, na mama mkubwa alikwisha kuacha hata kutoka hadi kwenye lango.

"Benye bameandikwa nyuma yangu banapita," aliniambia. "Miye banasemaka: mama, bado. Bako na mulango ingine, bale."

Jumatano asubuhi nilimshika mkono tukapanda teksi hadi zahanati. Nilikwenda nimejiandaa kugombana. Shule niliiacha nilipomaliza sekondari, lakini foleni nazijua, na mtu anayepenya kati ya wenzake namwona kutoka mbali.

Katibu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nadhifu, asiyetishika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta.

"Angalia weye mwenyewe, mama. Ordinateur haina ndugu. Inapanga bantu kwa tarehe, basi."

Niliangalia. Juu kabisa kulikuwa na mtu wa 01/09. Chini yake 01/10, halafu 02/07, 02/08, 03/10, na kuendelea. Mama mkubwa alikuwa karibu na mwisho: 28/02.

Ugomvi wangu ukaisha palepale, maana kosa hilo nililijua. Mwaka wangu wa kwanza Pweto niliandika tarehe kwenye magunia kwa mkaa, siku kwanza, kama tulivyofundishwa shuleni. Wapagazi wakayapanga kwa kufuata tarakimu ya kwanza waliyoiona. Samaki wa mwezi wa tatu wakakaa nyuma ya ghala hadi wadudu wakawamaliza, huku tukiuza wa mwezi wa tano. Tangu hapo naanza na mwaka, halafu mwezi, siku mwishoni.

"Huyu wa kwanza aliandikwa lini?" nilimwuliza.

"Tarehe moja, mwezi wa kenda."

"Na mama yangu?"

"Makumi mbili na munane, mwezi wa pili."

"Kati ya mwezi wa pili na wa kenda, ni upi unaotangulia?"

Alisogeza orodha juu, akaisogeza chini. Mzee mmoja kwenye benchi, aliyekuwa akitusikiliza bila kuficha, akasema, "Basi miye nitarudia kuandikwa tarehe moja, nipite bote."

Watu wakacheka. Binti naye akacheka kidogo, halafu akanieleza. Kompyuta ilipoletwa ilitaka mwezi utangulie. Walipoandika 28 mwanzoni, ikakataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na nane. Fundi akaondoa hesabu ya tarehe mahali pale, akaiambia mashine ipokee chochote kama maandishi tu. Ikaacha kukataa, kila mtu akafurahi. Lakini tangu siku hiyo haikujua tena kwamba zile ni tarehe. Ilizipanga kama maneno, kwa kuanzia kushoto.

"Leta kadi za wagonjwa," nilimwambia. "Mimi nasoma, wewe unaandika. Mwaka, mwezi, siku."

Tulifanya hivyo hadi karibu na saa sita. Alipobonyeza kupanga, mama mkubwa alipanda hadi wa tatu. Na wale wa juu walishuka. Mwanamke wa tarehe moja, mwezi wa tisa, alikuwa amekaa pale na kitambaa chake cha kujifunika tayari mapajani.

"Miye nimetoka Kasenga," alisema. "Nirudie namna gani?"

Nilikuwa na jibu la haki kabisa, na sikuona raha kulitoa. Binti ndiye aliyeinuka akaenda kumwona daktari. Alirudi na habari kwamba Ijumaa, kabla ya kuondoka, daktari ataongeza mmoja tu, wa kutoka mbali. Wengine waliandikiwa mwaka ujao, na waliondoka bila kutuaga.

Mama mkubwa alipasuliwa Alhamisi, jicho la kulia. Ijumaa walimfungua bandeji mbele yangu. Alitazama ukuta, akatazama dirisha, akamtazama katibu aliyesimama mlangoni akamwambia, "Njo weye ule wa orodha? Kumbe uko mutoto muzuri, na vile nilikutukana nyumbani."

"Haina neno, koko," binti alisema, kana kwamba ni bibi yake.

Kisha mama mkubwa akanigeukia mimi. Aliniangalia kwa muda mrefu, jicho lake jipya likitoa machozi ya dawa.

"Umezeeka," alisema. "Sasa unakaa. Pweto itakungoya."

Nilikaa hadi alipopasuliwa jicho la pili, mwaka uliofuata.