Bosi Alipoacha Kila Kitu

Bosi wangu alipotangaza kwamba anaacha kila alichonacho duniani awe mtawa, nilikuwa nimesimama pembeni ya meza nasubiri amalize kula niondoe sahani. Mtu huyo hajawahi kuosha kikombe. Nimefanya kazi nyumbani kwake hapa Kahama tangu watoto wake wananyonya, na sijawahi kumwona akijimiminia hata maji. Sasa eti anaacha mali. Nilitaka kucheka, nikajikaza.

Wao ni Wajaini, dini ya Wahindi wachache tu hapa mjini. Hawali nyama wala yai, wala kitunguu wala kiazi, maana kung'oa mzizi ni kuua vidudu vya ardhini. Hayo niliyazoea, sina neno nayo. Ila watawa wao wamepitiliza. Hawana nyumba wala senti, hawapandi gari, wanatembea peku maisha yao yote, nywele wananyofoa kwa mkono, na mdomoni wanafunga kitambaa wasije wakadhuru mdudu kwa pumzi. Bosi alianza mazoezi mapema. Alikaa dukani na kitambaa chake, anawasogeza sisimizi taratibu wasikanyagwe, huku anawauzia wachimbaji wa dhahabu wa Segese zebaki na kamba za kushukia mashimoni. Kaka yangu anashuka kwa kamba hizo. Hakuna siku bosi alimuuliza kama amerudi salama.

Watu wakaja kumpongeza, wengine wakamgusa miguu kwa heshima. Haya, na hao vijana wanaorudi kutoka machimboni hata kandambili hawana, mbona hakuna anayewagusa miguu? Wao tunawaita makapuku, tunawafukuza barazani. Tajiri akivua viatu kwa hiari yake, amekuwa mtakatifu. Upuuzi mtupu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Mwenye mke hapokelewi utawa mpaka mke aridhie, na mama, mke wa bosi, hakutaka. Alinifuata jikoni macho yamevimba.

"Dada, nikikataa nitakuwa nimemzibia njia yake. Nikikubali, nimejigeuza mjane mwenyewe."

"Mama, kataa," nikamwambia. "Atanuna wiki moja, atazoea."

Hakunisikiliza. Kilichomlegeza ni neno la bosi. Alimwambia kwamba watawa hawapiki, wanaomba chakula mlango kwa mlango, kwa hiyo popote atakapokuwa, mama anaweza kusafiri akampakulia kwa mkono wake. Hapo alimshika pabaya. Nyumba ile mimi nilikata mboga na kuosha vyombo, lakini chakula cha mumewe mama hakumwachia mtu yeyote. Akaona afadhali: hatakuwa mume tena, hatamgusa, ila atakula chakula chake. Akaridhia. Bosi akagawa mashati, mume wangu akapata mawili, bosi na mama wakasafiri kwenda India, na mama akarudi peke yake kuendesha duka.

Mwaka uliofuata alikwenda kumlisha. Alifikia kwa wifi yake, kwenye mji ambao watawa walikuwa wanapita. Aliamka mapema akapika vyote anavyovipenda yule bwana, na wifi akataka kusaidia, mama akakataa. Bosi akafika mlangoni, kipara, peku, bakuli mkononi. Akauliza kile wanachouliza kila nyumba: chakula hiki kimepikwa kwa ajili ya nani? Maana wana sheria kwamba mtawa hali kilichopikwa kwa ajili yake. Anachukua kidogo tu katika kile ambacho wenye nyumba wangekula hata asingepita. Wifi alikuwa ameshamwonya mama aseme ni cha familia.

Mama akamjibu, "Ni chako. Nimekupikia wewe."

Bosi akainamisha kichwa, akapita. Akaenda kupokea chapati nyumba ya jirani, mama akiwa bado kasimama mlangoni na upawa.

Alinisimulia hayo aliporudi, tukiwa wawili dukani. Nilimtukana yule mtu kwa Kisukuma, nikamalizia kwa Kiswahili ili na mama asikie vizuri. Hana kitu, sawa, lakini kiburi amebaki nacho chote. Mama hakunikanya. Alikuwa anapanga makarai, akaendelea kuyapanga.

"Dada," akasema, "miaka yote ile mezani kwangu hakuwahi kuuliza nimempikia nani. Siku aliyouliza ndiyo siku aliyokataa kula."