Visanduku Viwili, Mlio Mmoja

Mdogo wangu hapiti tena mbele ya ukumbi wa muziki. Akitumwa upande ule anazunguka kwa nyuma, kwenye matope, na viatu vyake vile alivyovipiga rangi. Watu wakiniuliza kulikoni nawaambia waniache nishone.

Ni fundi redio, tena fundi hasa. Nasema hivyo si kwa sababu ni damu yangu, bali kwa sababu tumegawana chumba kimoja cha kazi miaka yote hii: cherehani yangu mlangoni penye mwanga, meza yake ukutani. Watu humwita Nadhifu, na hawakukosea. Kila skrubu anayoifungua anailaza ndani ya kizibo chake cha soda. Aproni anaipiga pasi. Akiona lehemu iliyotiwa ovyo ndani ya kifaa cha mteja anasonya kana kwamba katukanwa yeye. Umletee redio abadilishe waya wa umeme tu, ataigeuza, ataona lehemu mbaya mahali, ataiyeyusha na kuitia upya, bure kabisa. Mkono wake hauwezi kuipita. Nilikuwa namtania, "Wewe iko siku utamvua mteja shati umfulie."

Sasa, Mzee Nyuzi. Huyu ni mpiga gitaa wa bendi ya ukumbi ule, ulio nyuma ya nyumba tuliyozaliwa. Sisi tumekua tunalisikia gitaa lake kupitia dirisha la jikoni huku tunaosha masufuria. Mlio wake haupatikani kwingine. Kati ya gitaa na amplifaya huweka kisanduku cha bati, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, anakikanyaga kwa mguu, na sauti inayotoka inakwaruza kidogo mwanzoni, halafu inakatikakatika mwishoni kama mtu anayezuia kilio. Alitengenezewa na rafiki yake, fundi mitambo wa bendi, sasa marehemu. Marehemu alikuwa mjanja: alimwaga gundi nyeusi ndani yote, ikaganda ikawa jiwe, mtu asione kilichomo. Na hakutengeneza kingine.

Mdogo wangu alikitamani kisanduku kile tangu ana ndevu za kuhesabika. Amejaribu kuutafuta mlio ule kwa kusikia tu, kaunguza vipuri hadi chumba kinanuka, haupati ng'o.

Basi siku moja Mzee Nyuzi alikuja nacho, akakiweka mezani kwa mdogo wangu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ni swichi tu. Nikikanyaga inakoroma. Mengine usiguse."

"Ondoa shaka, mzee."

"Jumamosi tuna onyesho. Na kiongozi wetu, kijana yule, kanipasulia: mzee, tunakushikilia kwa sababu ya mlio ule. Mlio usipokuwepo, yeye ana mpwa wake anapiga gitaa." Akacheka, kicheko chenyewe cha mdomoni tu.

Swichi mdogo wangu aliimaliza chai yake haijapoa. Angefunga basi! Wapi. Akakaa anakitazama. Mara nikamwona katoka, karudi na mashine ya kukaushia nywele ya msusi wa jirani.

"Ya nini hiyo?"

"Nailainisha gundi kidogo. Nachungulia tu, dada."

"Umeambiwa swichi."

"Nanakili, kisha nakirudisha kama kilivyokuwa. Atajuaje? Tena kikifa, si atakuwa na pacha wake?"

Eti anamfanyia hisani! Nikamwambia, "Tamaa hiyo, usiivalishe suti." Lakini alishazama.

Akapuliza joto, akachokoa gundi kwa vijiti vya meno na kile kifumulio changu cha mishono, ambacho hata hakuniomba. Ndani hamkuwa na maajabu: transista mbili, kapasita chache, rezista za rangi zilizofifia. Kila kipande alikipima kwa mita, akakichora kwenye karatasi yangu ya kukatia mashati. Na hapo ndipo mkono wake ulipomponza. Lehemu za marehemu zilikuwa aibu tupu, hasa kwenye mguu mmoja wa transista, ilipokaa juujuu tu bila kushika. Akasonya. "Mtu na heshima zake analehemu hivi?" Akaiyeyusha, akaitia upya, ikang'aa. Akafanya na ya jirani yake. Akazimaliza zote. Wala hakufikiri, ni kama mimi ninavyookota nyuzi sakafuni huku napiga soga.

Kisha akajenga nakala ndani ya kopo bapa la biskuti. Alipomaliza akachomeka gitaa lake la mazoezi, akapiga kupitia nakala, akapiga kupitia cha mzee, nakala tena, cha mzee tena. Akaruka juu.

"Dada! Sikia! Sawasawa kabisa! Huwezi kuvitofautisha!"

Kweli, havikutofautiana hata chembe. Alikuwa anacheza katikati ya vitambaa vyangu, baba mzima, na mimi nimeacha kukanyaga cherehani. Nilikuwa nangoja kule kukatikakatika kwa mwishoni. Hakukuja. Sauti ilitoka safi, nono, ikaenda zake mpaka ikaisha.

"Vinafanana," nikasema. "Lakini cha Mzee Nyuzi hakilii hivyo."

Akasimama. Akakipiga cha mzee. Akakipiga tena. Uso ukamshuka. Mlio ule wote tuliokua nao ulikuwa umekaa kwenye lehemu mbovu, na yeye ndiye aliyeinyoosha.

Umeshawahi kumwona mtu nadhifu anajitahidi kufanya kazi mbaya? Alilegeza mguu huu, akakwangua ule, akamwaga lehemu makusudi. Kisanduku kikanyamaza, au kikakoroma, au kikalia safi vilevile. Jasho lilimtiririka hadi kwenye aproni. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia, "Mwambie mzee ukweli." Akasema atamwambia.

Ijumaa Mzee Nyuzi akaja na gitaa lake. Akachomeka, akakanyaga, swichi kimya, akafurahi. Akapiga. Akaacha. Akarudia palepale. Kisha akauinua mkono wa kushoto akautazama, akavikunja vidole, akavikunjua, akavisugua kwenye suruali. Akajaribu tena, polepole.

"Naona uzee umeshafika mikononi," akasema.

Nikakohoa. Mdogo wangu kasimama wima na aproni yake ya pasi. Nikakohoa tena, nusura niteme mapafu. Akafungua kinywa.

"Swichi nimekuwekea mpya kabisa, mzee. Haitakusumbua."

"Asante, mwanangu." Akafunga gitaa lake, akatoka ameinamisha kichwa.

Lo! Nilimtukana matusi mengine siwezi kuyarudia mbele ya watu. Alisema tu, "Nimeona haya, dada." Nikamwambia, "Haya ni zako, mbona unambebesha mzee wa watu?" Akaapa kwamba asubuhi angemwendea kabla ya onyesho. Asubuhi akavaa viatu, akavivua. Mara kuna redio ya mtu ya haraka, mara mzee atakuwa mazoezini. Mimi sikusema naye siku nzima, na onyesho likapita.

Jumatatu Mzee Nyuzi aliingia bila gitaa, kisanduku kakifunga kwenye kitambaa.

"Nimewaaga wenzangu," akasema. "Nimewaambia mikono imegoma, wampe yule mpwa wa kiongozi nafasi. Wameniaga vizuri, hata makofi wamenipigia. Sasa hiki, wewe ndiye unayejua thamani yake. Kaa nacho."

Akamnyooshea. Mdogo wangu hakupokea.

"Si mikono, mzee," akasema. "Ni mimi."

Akamweleza yote, gundi, lehemu, hata mashine ya msusi hakuificha, akaitoa nakala akaiweka mezani mbele yake. Alipomaliza, mzee aliomba lile gitaa la mazoezi, akalichomeka moja kwa moja kwenye amplifaya, pasipo kisanduku chochote. Akapiga kitu cha haraka, kutoka juu hadi chini. Vidole vilikimbia, havikukosa hata uzi mmoja. Nilijikuta nimejiziba mdomo kwa kitambaa cha mteja.

"Kumbe vizima," akasema.

"Vizima, mzee."

"Kwa bati hili tu ningekufokea, tungeyamaliza. Aliyelitengeneza mwenyewe alikuwa analipiga mateke." Akalaza gitaa mezani taratibu. "Lakini Ijumaa ulikuwa umesimama hapo hapo. Uliniona navikagua vidole vyangu."

"Ndiyo, mzee."

"Ukaniambia habari za swichi."