Ukuta wa Mama Rosa Kiden

Shemeji yangu Dramadri amechoka, na anayebisha aje auone mgongo wake. Mwaka wa kumi na ngapi sijui, kazi yake ni ile ile katika jumba la sanaa la jamii hapa Arua: kupigilia misumari, kutundika picha, kuzishusha maonyesho yakiisha, kuziba matundu, kupaka ukuta rangi nyeupe. Siku ya kufungua watu wanajaa na kupiga makofi. Siku ya kushusha yuko peke yake na ngazi. Anasema hajaona kitu kikikaa pale hadi kikazeeka. Mimi nauza chai langoni, malalamiko yake nimeyazoea.

Safari hii hapakuwa na picha ya kushusha. Mama Rosa Kiden, mjane wa mwanajeshi kutoka Midia kule Koboko, aliitwa aupake ukuta mkubwa kama anavyopaka nyumba yake: udongo mwekundu, majivu, tope jeusi la mtoni, vyote kwa mkono. Jamani, ule ukuta wa maua ulikuwa mzuri! Nilikuwa naingia kuutazama mpaka chai inamwagika jikoni.

Maonyesho yakaisha. Jovia, mkuu wa jumba, akasema picha za wengine zinakuja, ukuta urudi mweupe. Dramadri akachukua jembe, akaanza kukwangua pembeni. Yeye Mlugbara wa mjini atajulia wapi? Mimi ni mtoto wa Koboko, na niliposikia chuma kwenye udongo roho ilinishuka. Kwetu, ukuta aliopaka mwanamke haukwanguliwi kwa jembe ila akishazikwa. Nikaacha birika nikakimbia.

Nikakuta Mama Rosa amenitangulia. Alikuja na gari la asubuhi kuuaga ukuta wake, tena akiwa amemletea Dramadri mihogo. Alilitazama jembe, akavitazama vipande sakafuni.

“Nani alikufa?” akauliza.

Dramadri hakuelewa. Ikabidi nimweleze mimi, kwa hasira, mbele ya mama wa watu. Jembe likamtoka mkononi. Akakaa palepale kwenye vumbi, akasema amechoka, amechoka kufuta kazi za watu. Akalia, mtu mzima yule.

Mama Rosa hakumgombeza. Akaomba ndoo ya maji, maana kwetu mwanamke aliye hai akitaka kupaka upya huulowesha ukuta wake na kuufuta kwa kiganja. Akaanza kufuta. Jovia alikuja kuhimiza kazi, akaona, akarudi alikotoka. Maua yote yakawa tope, yakamteremkia hadi viwikoni. Alipofika pale palipokwanguliwa alisimama kidogo. Akachota tope, akapasiriba mpaka pakawa laini, ndipo akapafuta napo.

“Mimi iko hai bado,” akamwambia Dramadri bila kugeuka. “Lete maji ingine.”

Shemeji akainuka, akajishika mgongo, akaenda kuleta maji.