Mkono wa Karani

Karani wa masjala hula chakula cha mchana akiwa wima, macho mlangoni, asije akapitwa na jambo. Wawili wakinong'ona, shingo yake hurefuka. Na mkono wake wa kulia, wenye doa la wino kidoleni, hupanda juu kabla hajajua kinachogawiwa ni nini.

Jana meneja aliingia amekunja uso. "Jamani, nahitaji mtu mmoja..."

Mkono wa karani ulikuwa juu zamani.

"...wa kupunguzwa kazini."

Jasho likamtiririka karani. Akaanza kuushusha mkono polepole, kama anayeiba. Mara mhasibu wa meza ya pili akainua wake, kuweka nywele zake sawa tu.

"Bosi, nilianza mimi!" karani akafoka, akainua na wa kushoto.