Kiota cha Korongo Kilichonitoa Mapovu

Hata sasa nikikumbuka, nakasirika upya. Mimi ndiye ninayewafundisha majirani hapa Boito kwamba korongo wanataga kwenye kinamasi, kwa hivyo mifugo isifike huko. Jumamosi asubuhi mimi na majirani tulienda kuwaangalia ndege hao, tukakuta kiota kimekanyagwa, mayai yamepasuka, na alama za kwato zimejaa matopeni.

Nilimgeukia Mzee Sang, ambaye shamba lake linapakana na kinamasi.

"Mzee, nimekuambia mara ngapi ufunge ng'ombe wako?"

"Mama Njeri, wangu wamefungwa tangu jana."

"Usinidanganye! Anayeharibu kiota ni adui wa kijiji kizima!"

Nilifoka mpaka wachuma chai ng'ambo ya kinamasi wakaacha kazi kutusikiliza. Mara matete yakatikisika. Akatokea ng'ombe mwenye matope hadi tumboni, akanijia mbio akilia. Alikuwa wangu. Kwa haraka yangu ya kuwahi korongo, nilikuwa nimeacha lango la zizi wazi. Na sauti hiyo ya kufoka ndiyo ninayomwitia kila siku.

Mzee Sang alimtazama ng'ombe akinilamba mkono.

"Mama Njeri," akasema kwa upole, "adui wa kijiji amefika. Anataka kukamuliwa."